Namba Moja ya Mama Kendi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipakwa uso kabla ya kuonyeshwa bidhaa. Lilikuwa duka la vipodozi mjini Isiolo, na kampuni moja kubwa ilikuwa imekodi kona humo. Muuzaji alitakiwa kuvaa anachouza. Fondesheni, yaani rangi ya kusawazisha uso kabla ya poda, ilikuja kwa rangi nne tu. Nilipewa iliyokolea zaidi, na bado ilikuwa nyepesi kwangu. Mimi ni Mturkana wa Ngaremara, na jioni nilipofika nyumbani mama aliniangalia akauliza, "Kumbe wamekuajiri kwa posho mill, unasaga unga?"

Tulicheka. Kesho yake nilijipaka tena, kwa sababu kazi ni kazi.

Bosi wangu alikuwa Msimamizi wa Kanda, mtu nadhifu aliyekuja kila mwisho wa mwezi. Nilimwambia wateja wengi wanatoka hapa wakiwa na rangi ya jivu.

"Rangi nyeusi haitoki Isiolo," alisema.

"Itatokaje, bosi, na haijawahi kuingia?"

Aliandika kitu daftarini. "Sawa. Nitakuletea katoni moja. Ikilala hapa, usinisumbue tena."

Katoni ikaja, na ikalala bila wanunuzi. Hilo sikulitarajia. Mwanamke akiwa na wenzake, nikimwonyesha chupa ya rangi yake, alikasirika. "Dada, umeona mimi ni makaa?" mwalimu mmoja aliniuliza. Wenzake wakaangua kicheko, naye akanunua ile nyepesi kusudi. Chupa zenyewe zilipangwa kuanzia nyeupe. Ya kwanza iliitwa Asili. Nyeusi ilikuwa rafu ya chini kabisa, mahali pa kuinama.

Nikatundika pazia karibu na dirisha. Tulikuwa tumefundishwa kujaribu rangi mgongoni mwa mkono, lakini Isiolo mkono hausemi ukweli. Umepigwa na jua, una hina, na mwanamke wa nikabu uso wake huwa mweupe kuliko mkono wake. Nyuma ya pazia nilipaka kwenye taya, nikangoja ikauke, maana fondesheni ikikauka hukolea, ndipo nikampa kioo. Wengine walinunua. Wengi wao waliomba niifunge kwa gazeti. Zilizobaki Msimamizi alizirudisha.

"Nilikuambia," alisema. Kuhusu mauzo, hakuwa amekosea.

Kona ilipofungwa niliajiriwa na Mama Kendi, Mmeru mwenye duka dogo mtaa wa Wabera, aliyechanganya fondesheni yake mwenyewe. Nisiwadanganye: kwa ubora, kampuni kubwa ilitushinda. Chupa yao ya leo na ya mwaka uliopita zilikuwa rangi moja. Zetu, joto likizidi, mafuta yalipanda juu, na kila mchanganyo mpya ilibidi tuupime upya usoni kwangu. Lakini Mama Kendi alihesabu kutoka upande wa pili. Namba moja ilikuwa nyeusi kuliko zote, na ilikaa usawa wa macho.

"Kwa nini tunaanza na hii?" nilimuuliza.

"Si ndiyo rangi yako? Na wewe ndiye uko mlangoni."

Polepole wanawake wakaanza kuitaja namba moja kwa sauti, bila pazia na bila gazeti.

Siku moja mama mmoja wa Korbesa aliingia na binti yake bibi harusi, mweupe kama maziwa ya chai. "Salaam aleikum. Na sisi mmetufukuza?" aliuliza. Namba yetu ya mwisho, sita, ilimfanya binti aonekane ameungua. Mama Kendi alisema yule mama ana haki, akachanganya namba saba wiki hiyo hiyo.

Mama Kendi alifariki mwaka jana. Sitaandika mengi. Baada ya matanga nilifungua duka, nikatoa kikombe chake rafuni nikakiosha, ingawa kilikuwa safi.

Kisha Kendi, binti yake, akaja na mpango. Maduka ya Nairobi yalitaka bidhaa zetu, ila namba zianzie nyeupe kama za wengine wote.

"Auntie, tugeuze tu."

"Duka ni lako," nilimwambia. "Lakini ukigeuza, watarudi kuomba gazeti."

"Jamani, auntie, si ni namba tu!"

"Basi kaa hapa hadi saa sita."

Akakaa, simu mkononi. Kabla ya saa sita bodaboda ilisimama nje, imembeba askari wa kike ambaye hata hakushuka. "Auntie! Nipee namba moja!"

"Ile kama lami?" dereva akamchokoza.

"Hiyo hiyo. Wewe hata ukiomba hawakupi!"

Kwa kinyozi jirani watu walicheka, wakicheka naye. Kendi aliinuka, akaichukua chupa rafuni, akampelekea yeye mwenyewe. Namba hazikugeuzwa. Baadhi ya maduka ya Nairobi yalitukataa, mengine yakachukua hivyo hivyo.

Niliacha kazi miezi michache baadaye, macho yangu yalipoanza kushindwa kutenganisha rangi ya namba tatu na ya nne. Kazi hii bila macho ni kubahatisha nyuso za watu, na sikutaka kubahatisha. Ninyi mnaoanza sasa mtapimiwa rangi na mashine, na ni vizuri. Lakini msikilize mteja anavyoitisha rangi yake. Akinong'ona, usimtazame yeye. Tazama ulivyopanga rafu yako.