Debe Nililolisugua Likang'aa

Naikumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, niliyopika mchuzi wa kuku kwa furaha, halafu mama mkwe wangu akaja akaimwaga sufuria nzima kwenye shimo la choo, majirani wanatazama. Nilimchukia. Nakwambia kweli, kwa muda wa kama nusu saa nilimchukia yule mama kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote. Leo nikisali, jina lake ndilo ninaloanza nalo, hata kabla ya la mama aliyenizaa, Mungu anisamehe.

Kaa hapo kwenye mkeka, futa machozi. Najua kilichokuleta. Mjukuu wangu amekuoa mwaka huu, umenunua pipa lako la bluu pale sokoni Kilosa, umelijaza maji mpaka juu, na jana mama mkwe wako akalipindua uani bila hata kukuuliza. Umekuja nikuamulie. Nitaamua, lakini mwishoni. Mimi ni mzee, nina haki ya kuanzia mbali.

Mimi ni mtu wa Vidunda, kule milimani. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, na enzi zile za Mwingereza msichana wa darasa la nne alikuwa msomi kwelikweli. Nilijiona, usicheke. Babu yako Fanueli akanioa, akanishusha bondeni kwenye shamba la mkonge upande wa Kimamba. Wazazi wake walikuja huko kutoka Njombe kama manamba, vibarua wa mkataba. Baba mkwe nilikuta amekwishafariki, kwa hiyo tuliishi na mama yake chumba cha pili. Kambi nzima walimwita Mama Fanueli. Hakujua kusoma hata herufi moja, lakini kuku aliwajua.

Kambini tulikuwa na bomba moja la maji, linafunguliwa asubuhi na jioni tu. Wanawake walipanga foleni na madebe yao yanayong'aa, na mimi nikapanga mtungi wangu wa udongo niliokuja nao kutoka nyumbani. Walinitania kweli: "Bi harusi wa Vidunda kaja na jungu la bibi yake!" Nilicheka nao, lakini moyoni iliniuma. Tangu siku hiyo nikawa natamani debe tu, nikilala debe, nikiamka debe.

Basi, jioni moja nilikwenda kuokota kuni nyuma ya josho, pale walipowaogesha ng'ombe wa shamba dawa ya kuua kupe. Kulikuwa na shimo wanakotupa madebe ya dawa yakiisha. Yote yalikuwa yametobolewa kwa sururu, isipokuwa moja. Lilikuwa zima, pana, na kifuniko chake cha kukaza. Ubavuni lilichorwa kichwa cha mfu na mifupa miwili imepishana, na chini yake maneno ya Kizungu. Mimi msomi wa darasa la nne nilisoma Kiswahili, Kizungu sikukijua. Kwa nini yale mengine yote yametobolewa sikujiuliza kabisa. Nilijiona nina bahati, nikalitwika kichwani.

Nyumbani nilikuwa peke yangu na mtoto wangu wa kwanza, wa mwaka mmoja na nusu, tuliyemwita Kadogo. Mama mkwe alikwenda Kilosa mjini siku nne kumuuguza mdogo wake. Sasa sikiliza ujinga wangu. Ile picha sikuipenda. Kichwa cha mfu nyumbani kwangu? Nikachukua mchanga, majivu na fundo la katani, nikasugua. Nilisugua mpaka mabega yakauma, mpaka picha ikatoka yote, debe likang'aa kuliko madebe yote ya kambi. Nikalisuuza mara mbili kwa maji ya mtungi. Na yale maji ya kusuuzia, kwa kuwa nilikuwa nimeyapangia foleni, niliona uchungu kuyamwaga, nikawawekea kuku kwenye chombo chao. Halafu nikaenda bombani, nikalijaza debe. Fanueli aliporudi kutoka kukata mkonge aliuliza limetoka wapi. Nikamjibu, "Nimelipata." Alikuwa amechoka, akalisifu, akaenda kuoga.

Asubuhi, Fanueli amekwishakwenda kazini, nikakuta kuku wawili wamekufa na wa tatu anajikunja shingo. Mdondo, nikasema, maana huo ugonjwa ulikuwa ukifyeka kuku wa kambi kila kiangazi. Yule wa tatu nikamwahi kisu kabla hajakata roho. Siku hizo nyama haikuwa kitu cha kutupa. Nikabandika sufuria. Kadogo akalia kiu, na mimi nikasema mtoto wangu ndiye atakayelizindua debe jipya. Nilimpa kikombe kwa mkono wangu mwenyewe. Alikunywa nusu, nusu nyingine akajimwagia tumboni akacheka.

Mchuzi ulikuwa unakaribia kuiva Mama Fanueli alipoingia na kikapu chake. Nikapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo kuna sikukuu gani?"

"Mdondo, mama. Wawili wamekufa, huyu nimemwahi."

Hakukaa. Alikwenda nyuma ya nyumba nilikowaweka wale wawili, akawageuza, akawainua manyoya ya mkiani. Akarudi taratibu.

"Jana walikuwaje?"

"Wazima kabisa."

"Mdondo hauji hivyo," akasema. "Kuku wa mdondo husinzia kwanza, anaharisha kijani, anakusumbua siku mbili tatu. Hawa wamekunywa nini?"

Nikamwonyesha debe. Na nikuambie, nilimwonyesha kwa majivuno, kwa sababu nilidhani atalisifu. Aliinama akanusa mdomo wake, akapitisha kidole kwenye ile mikunjo ya chini ambako katani yangu haikufika, akakinusa kidole. Alikamata sufuria kwa khanga yake, ikiwa inachemka, akaenda nayo mpaka chooni akaimwaga. Akarudi, akaliinua debe na maji yote, akayamwaga hukohuko. Wanawake wa safu yetu wakatoka nje kutazama. Mmoja akasema kwa sauti, "Wakwe wengine jamani, hata nyama wanaionea wivu!" Nikaangua kilio. Nilikuwa bado nalilia sufuria yangu pale Kadogo, niliyembeba, aliponitapikia begani. Akatapika tena. Halafu shingo yake ikalegea kifuani kwangu.

Sikumbuki nilivyofika zahanati ya shamba. Nakumbuka nimembeba mtoto, na Mama Fanueli ananifuata nyuma na lile debe tupu kichwani. Nilidhani amechanganyikiwa, mtu anapeleka debe kwa dresa? Dresa alikuwa mtu mnene, mpole, ndiye aliyetibu kambi nzima. Alimtazama mtoto, akalitazama debe.

"Hili lilikuwa na dawa gani?"

Nikanyamaza. Mwanangu, naomba hapa unisikilize vizuri. Ningeweza kusema sijui, na isingekuwa uongo, maana yale maneno sikuyasoma. Nilikuwa naona aibu. Nilimwona Fanueli ananirudisha Vidunda. Niliwasikia wale wanawake wa foleni wakisema nimemuua mtoto wangu kwa tamaa ya debe. Mtoto yuko mikononi mwangu ananyong'onyea, na mimi nawaza watu watasema nini. Mpaka leo nikikumbuka kimya kile naona baridi.

Mama Fanueli akanishika kiwiko. Hakunibana, alinishika tu. "Sema, mwanangu. Mtoto huyu ni wetu sote."

"Lilikuwa na picha," nikasema.

"Picha gani?" akauliza dresa.

"Kichwa cha mfu, na mifupa."

"Mbona siioni?"

"Niliisugua ikatoka."

"Ulilitoa wapi?"

"Kule joshoni."

Yule bwana mnene sikuwahi kumwona anakimbia, lakini siku hiyo alikimbia mpaka ofisini kuomba lori. Alipanda nyuma pamoja na sisi, akamshughulikia Kadogo njia nzima. Tulipofika hospitali Kilosa aliwaambia moja kwa moja ni sumu ya josho, wasipoteze muda kutafuta homa. Daktari alituambia baadaye kwamba mambo mawili yalimwokoa: alikunywa kidogo, na wao walijua mapema wanapambana na nini. Siku ya tatu mtoto akaomba uji. Nililia kuliko nilivyolia siku ya sufuria.

Fanueli nilimwambia mwenyewe, kila kitu. Akasema tumshukuru mama. Na huyo mama, tuliporudi kambini, alinipa msumari na jiwe. "Litoboe mwenyewe," akaniambia. Nikalitoboa lile debe zuri pande zote, tukalifukia pamoja. Jioni alikwenda nami bombani, akasimama mbele ya wanawake wote. Nilijua sasa naumbuliwa. Akasema, "Mkwe wangu amemponya mtoto kwa kusema ukweli haraka. Debe la josho mkilikuta halijatobolewa, litoboeni. Lisiingie nyumba ya mtu." Basi. Hakulirudia tena mpaka anakufa, hata siku tulizokosana, na tulikosana nyingi.

Sasa tuje kwenye pipa lako. Muuzaji alikuambia lilibeba nini? Alikuambia limeoshwa, sivyo? Na wewe ukaliosha tena, ukabandua ile karatasi yenye maandishi kwa sababu ilikuwa inaharibu uzuri. Nimeona mabaki ya gundi ubavuni. Unaona basi, mimi na wewe ni wamoja.

Chombo cha maji, mwanangu, uulize kwanza kilibeba nini, na asiyejua kukujibu usinunue kwake hata akikupunguzia. Pipa au dumu la dawa ya shamba halina kuoshwa likafaa. Litoboe, lisije likaokotwa na mwingine. Usiniambie utayachemsha hayo maji. Chemsha ya kunywa kila siku kwa ajili ya wadudu, nakusisitiza, ila sumu haitoki kwa moto. Wala usidanganyike na weupe wake, maji ya debe langu yalikuwa meupe kuliko ya chemchemi yetu. Dawa ya mahindi ya mumeo ikae juu, kwenye chombo chake na alama yake, isihamishiwe kwenye chupa ya soda. Na likitokea la kutokea, maana sisi ni watu, beba mtoto, beba na chombo, useme ukweli kabla hujaulizwa mara ya pili. Aibu utaizoea, mimi niliizoea.

Uamuzi uliokuja kuutaka ni huu. Unanung'unika kwamba mama mkwe wako anapekua vyombo vyako, ananusa madumu, hakuamini. Kweli, ana mdomo, na angekuuliza kwanza. Hilo nitamwambia, mimi ndiye mama yake. Lakini yeye hapiti karibu na pipa asilolijua bila kulinusa, tangu utoto wake, kwa sababu nilimsimulia mapema. Kadogo niliyempa kikombe kwa mkono wangu ndiye huyo. Angekinywa kikombe kile chote, au mimi ningenyamaza kidogo zaidi pale kwa dresa, mumeo asingezaliwa, na wewe leo usingekuwa na mtu wa kunishtakia.

Haya, nyanyuka. Nenda kamwamkie, umwombe msumari, mkalitoboe pamoja. Mungu akupe watoto wenye kiu na maji ya kuwapa bila hofu. Akupe ulimi mwepesi wa kusema kweli, na uzee mrefu wa kumshukuru mtu aliyekumwagia sufuria yako. Mtungi wangu wa Vidunda uko pale pembeni, haujapasuka mpaka leo. Uchukue.