Niliteuliwa kutetea maegesho ya mtaa wetu huku Texas, salamu zikala dakika zote tatu

Wakuu, heshima kwenu mlio kazini, mlio kitandani, na mliojifungia chooni na simu.

Miaka mingi nasoma nyuzi za wenzangu bila kuandika neno. Leo naandika kwa sababu kuna watu huku wanazunguka kwenye sherehe wakinisimulia kama kichekesho, na wanakisimulia vibaya.

Hii sio chai. Imenitokea mimi mwenyewe, na wahusika nitawataja. Wanajijua, na wengine wamo humu kwa ID feki.

Mnifahamu kidogo tu: nina miaka hamsini na tatu, mtu wa Muheza, darasa la saba, naendesha forklift kwenye godown hapa Arlington. Nyumba yangu iko mji mdogo wa jirani, jina naliacha. Mtaa wetu ni mfupi, mwembamba, na mwishoni umeziba. Unatokea pale pale ulipoingilia.

Ng'ambo ya nyumba yangu anakaa Shabani, Mtanzania mwenzangu. Shabani ni mwenyekiti. Usiniulize wa nini. Popote penye watu watatu na chupa ya chai, yeye ni mwenyekiti.

Jumamosi moja akamfanyia bintiye send-off, nyuma ya nyumba, mchana kweupe.

Watu walitoka Fort Worth, Dallas, Mansfield, na msafara mzima kutoka Houston. Huku kila mtu mzima ana gari lake. Hata mke na mume wanakuja na mawili, maana mmoja lazima awahi shift. Magari yakapangwa kulia na kushoto mpaka kona.

Halafu akaja Hamza wa Pearland. Huyu ndiye mtuhumiwa namba moja.

Hamza anavuta trela la kuchomea nyama, kubwa kama duka la mangi. Akalipaki sambamba na pikapu nyeupe ya mtu mwingine, katikati ikabaki nafasi ya kupita mbuzi mmoja, tena mbuzi mwenyewe awe hajala.

Mimi nimekaa, sahani ya pilau mkononi. Kifua kikaanza kubana. Nikadhani pilipili, nikanywa soda. Jasho likaanza kunitoka kama napakua saruji.

Mke wangu, Mama Salma, aliniangalia mara moja tu, akapiga 911.

Ambulance ilifika haraka, sina lawama. Ilifika mpaka kwenye kona. Pale ikakwama.

MC akapunguza muziki. Hakuuzima, alipunguza. Akashika mic: "Wapendwa tunaomba utulivu, kuna mzee wetu mmoja kidogo hajisikii. Mwenye pikapu nyeupe na mwenye trela la nyama mnahitajika nje. Wengine tuendelee na supu."

Naapa. Tuendelee na supu.

Mwenye pikapu alikuja mbio. Hamza hakutokea. Baadaye alijitetea kwamba alikuwa na mbavu za mbuzi kwenye moto na zingeungua.

Aliyenishika ni Mama Njeri, Mkenya, nesi, anakaa upande ule ule wa Shabani. Alivua viatu vya sherehe, akapiga magoti kwenye nyasi na gauni lake jipya la kitenge, akanitafunisha aspirini, akawa ananiuliza jina langu kila baada ya muda. Nikimjibu anauliza tena, kama afisa uhamiaji.

Wahudumu wakaacha gari lao konani, wakaja kwa miguu na kitanda cha magurudumu. Wakanisukuma mtaa mzima katikati ya magari kama toroli la ndizi. Vioo vya pembeni vinanipita karibu na masikio. Tulipofika kwenye trela la Hamza kitanda kikagoma, wakanibeba juu kwa juu. Nakumbuka niliona moshi na nikasikia harufu ya nyama, nikajiambia ndio nimeshafika, na sio kule kuzuri.

Nikapona. Walizibua mshipa wakaweka kispringi. Daktari akasema dakika zile zilizopotea zimeumega moyo kidogo. Mpaka leo nikipanda ngazi napumzika katikati. Kwa hiyo mkiona nina uchungu, wakuu, uchungu wangu nimeugharamia.

Wiki mbili baadaye akaja Dale na karatasi.

Dale ni jirani, mzungu mstaafu, nyumba yake imepakana na ya Shabani. Anakusanya sahihi ili mji upige marufuku kupaki barabarani kwenye mtaa wetu. Pande zote mbili, usiku na mchana, gari likikutwa linavutwa.

"Ni kwa ajili yako, rafiki yangu," akaniambia.

Nilisaini nikiwa nimelala. Nilikandamiza mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Jumapili yake akaja Mama Njeri na uji wa wimbi. Akaweka flask mezani, hakukaa.

"Baba Salma, nasikia ulisaini hiyo kitu ya Dale."

"Nilisaini. Ningekuwa na mikono mitatu ningesaini mara tatu."

"Sawa. Na Mum atageuzwa na nani?"

Niwaeleze. Mama yake mzazi, sisi wote tunamwita Shosho, amelala kitandani mwaka wa pili. Mama Njeri akienda shift, asubuhi anakuja mhudumu wa nyumbani, mchana mwingine. Driveway yake inaingia magari mawili, la kwake na la mwanawe. Wale wahudumu wanapaki barabarani, hawana pengine. Gari la mmoja wao likivutwa mara moja tu, hakuna atakayekubali kuja tena.

"Si mimi nilipaki trela," akasema. "Hamza alipaki trela. Sasa Shosho ndiye aadhibiwe, ama?"

Nikanywa uji.

Alipotoka, mke wangu akanimalizia.

"Na wewe uliporudi kutoka hospitali nyumba ilijaa wiki nzima. Watu wameleta supu ya kuku mpaka friji ikakataa kufunga. Walishushwa na helikopta?"

Hapo ndipo kichwa cha darasa la saba kikaanza kazi.

Ukiruhusu wote wapaki, iko siku mtu atafia kwenye kona. Ukikataza wote, kuna bibi atalala ubavu mmoja mpaka apate vidonda. Haya yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na aliyeandika sheria ameiangalia kweli moja tu. Hata mimi niliyesaini.

Mzigo ukiubeba kwa uma mmoja wa forklift, unapinduka na wewe. Siasa siijui, ila hilo nalijua.

Nikatoka na tape. Mama Njeri akashika ncha ya pili, tukapima barabara. Tukaenda kituo cha zimamoto, vijana wa pale wakafurahi kama tumewapelekea keki, wakatuacha tupime gari lao kubwa, na vioo vyake. Magari yakikaa upande mmoja, linapita na nafasi inabaki. Yakikaa pande mbili, halipiti hata ulisomee dua.

Basi hoja yetu ikawa ndio hiyo: wapaki upande mmoja tu. Sentensi moja. Mtoto wa chekechea angeisema.

Nikamfuata Dale nikamweleza. Akatikisa kichwa. Akasema sheria ya nusunusu hakuna anayeifuata. Leo watapaki upande mmoja, sherehe ijayo watarudi pande zote, na safari hii atakayebebwa juu kwa juu atakuwa yeye. Nitakuwa mwongo nikisema hoja yake ilikuwa ya kijinga. Yeye alikuwepo siku ile. Aliona.

Sasa ndio Shabani akaingia.

Mtuhumiwa namba mbili huyu. Akaitisha kikao sebuleni kwake. Kikaamua tupeleke msemaji kwenye mkutano wa baraza la mji utakaojadili ile karatasi ya Dale, na msemaji niwe mimi, kwa sababu mimi ni ushahidi unaotembea.

Mama Njeri akasema, "Mimi naweza ongea, vipimo ninavyo."

Shabani akasema hapana, tunahitaji mtu mzima mwenye uzito. Kisha akanigeukia: "Kaka, uanze na itifaki. Wale ni viongozi. Usiwaparamie na hoja kama umekuja kudai chenji."

Nikaandika itifaki, ukurasa mzima. Hoja ikakaa chini kabisa, mstari mmoja. Binti yangu Salma akanitafsiria kwa Kiingereza huku anaguna, na mimi nikadhani anaguna kwa sababu ni mvivu.

Siku ikafika. Nimevaa suti. Tumekaa mstari wa pili, Shabani pembeni yangu na kofia yake ya mwenyekiti.

Kila msemaji anapewa dakika tatu. Mbele yako kuna vitaa: kijani, njano, nyekundu. Zaidi ya hapo hakuna aliyenieleza kitu.

Nikaanza. Mheshimiwa Meya. Waheshimiwa madiwani, mmoja mmoja, majina nasoma kwenye vibao. Mkuu wa zimamoto. Mama anayeandika muhtasari. Polisi aliyesimama mlangoni, maana naye kwa nafasi yake ni kiongozi. Majirani zangu. Nikaomba radhi kwa Kiingereza changu. Nikamshukuru Mungu. Nikaushukuru mji kwa maji safi, kwa barabara, na kwa ambulance ile iliyokuja kunichukua.

Ukumbi umetulia. Mama wa muhtasari anatabasamu. Nikaona mambo yamekubali.

Taa ikawa njano.

Godown kwetu njano maana yake punguza mwendo. Nikapunguza mwendo. Nikaanza kutamka taratibu, neno kwa neno, nikamtaja na Shabani aliyetuleta kwa gari lake.

Nyekundu.

Nikasimama kabisa, kama nilivyofunzwa kazini.

Meya akasema asante sana bwana, inatutia moyo kusikia mtu aliyepata madhara akiuunga mkono mji wake. Akamwambia mama wa muhtasari aniandike kwenye wanaounga mkono marufuku.

Wakuu, nilitaka kusema "subiri." Lakini mtu ameshakushukuru, utamkatalia vipi mbele za watu?

Nikarudi kukaa. Salma akaninong'oneza, "Dad, you literally just agreed with them."

Shabani akanipiga bega. "Itifaki ilikuwa safi sana, kaka."

Ndipo wakaita jina la Mama Njeri. Kumbe alipofika alijaza kadi ya kuomba kusema pale mlangoni bila kumwambia mwenyekiti. Alikuwa nyuma, na nguo zake za hospitali, katoka shift moja kwa moja. Akaja mbele hakumsalimia mtu.

Nawawekea kwa Kiswahili alichosema:

"Huyo mzee aliyewashukuru ndiye alikwama. Mimi ndiye nilikuwa nimemshika. Magari yalikuwa pande mbili. Yakikaa upande mmoja, gari la zimamoto linapita, vipimo ni hivi hapa. Mkikataza pande zote, mama yangu hana mtu wa kumgeuza. Tunaomba upande mmoja."

Akakaa. Taa ilikuwa bado kijani, inawaka peke yake.

Shabani akaguna: "Hata habari za jioni hakuna!"

Madiwani wakaanza kuulizana. Mkuu wa zimamoto akaitazama karatasi ya vipimo akasema iko sawa. Dale akasimama akarudia lake, na je, sherehe ijayo wakipaki pande zote? Diwani mmoja akamjibu, ya upande uliokatazwa yatavutwa, hata kama bibi harusi yumo ndani. Dale akakaa. Akasema yeye alitaka ambulance ipite tu, kama itapita basi.

Diwani mwingine akauliza: upande upi?

Mkuu wa zimamoto akasema upande wenye bomba lao la maji lazima uwe wazi, hilo halina mjadala.

Wakapiga kura, ikapita. Mimi napiga makofi. Kofi la tatu mikono ikakwama hewani.

Bomba la zimamoto liko upande wa Shabani, Dale na Mama Njeri. Upande wa kupaki ni wa kwangu.

Ndio maisha yangu sasa. Mhudumu wa Shosho anapaki mbele ya sanduku langu la barua lililo kando ya barabara, mtu wa posta akikuta gari pale anapitiliza. Wajukuu wa Dale wanapaki kwangu. Vikao vya Shabani vinapaki kwangu, nyasi zake ziko kama zulia, zangu zina michoro ya matairi. Hamza akija kutoka Pearland trela linakaa chini ya dirisha la chumba changu, na mapazia yananuka mishkaki mpaka Alhamisi.

Nilikwenda kumlalamikia Mama Njeri. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Pole, Baba Salma. Lakini si uliwashukuru mapema?"

Mwezi uliopita, asubuhi, nikasikia king'ora. Nikaenda dirishani. Ambulance imeingia mtaani kwetu, ikapita nyumba zote bila kukanyaga breki mpaka mlangoni kwa Mama Njeri. Shosho alibanwa na pumzi. Wakamtoa, wakaondoka naye, na mimi bado nimeshika pazia.

Siku ya nne alirudi nyumbani.

Na jana, wakuu, nimechelewa kazini, kwa sababu driveway yangu ilizibwa. Wageni wa kumjulia hali Shosho wamejipanga upande wangu wote mpaka kona. Nilitoka na funguo mkononi, hasira juu, natafuta wa kumtukana.

Kila niliyemwona ameshika hotpot.

Nikarudi ndani nikampigia supervisor.

Niliyojifunza ni haya. Mji ukiamua jambo lolote, kuna mtu atalibeba mgongoni, na ni vizuri uulize mapema ni nani, kabla hujapiga makofi. Na ukipewa dakika tatu, anza na shida yako. Salamu wape wakati wa kutoka. Na mliozoea kudharau hiyo mikutano kwa kuwa inaongelea mabomba na maegesho, mjue ndipo inapoamuliwa nani afikiwe na nani asifikiwe.

Bado nina uchungu na niliowataja. Sijamsamehe hata mmoja, ingawa nyama ya Hamza nakula.

Haya, uwanja ni wenu. Ungekuwa wewe, ungekubali upande wako ndio upakiwe, au ungesimama pale ukakata rufaa? Semeni ukweli, msijifanye watakatifu.