Ushuhuda Uliorekodiwa Mapema

Wasikilizaji walimwita Mama Sauti, na wengi wao wasingemtambua hata angekaa nao benchi moja. Sauti ilikuwa nzito kidogo, ya mama anayekuamsha taratibu. Mwenyewe alikuwa mwembamba wa kupeperushwa na upepo, viatu vimelika upande. Kila asubuhi redio ndogo ya kanisa ilimrusha akisimulia maisha ya Mkristo mmoja wa zamani: huyu alitupwa kwa wanyama wakali, yule aligawa mali yake yote akabaki na kanzu, mwingine alikaa gerezani akiwaombea waliomfunga. Mwisho alisoma sala, akasema Amina, na watu wakaenda zao kupanga foleni za mabasi.

Chumba cha kurekodia kilikuwa stoo zamani. Ukutani walipigilia magodoro mabovu na trei za mayai ili sauti isirudi. Joto lake usiniulize. Kwa kuwa kwaya na wahubiri nao walikigombania, Mama Sauti alipewa siku moja tu, na siku hiyo alirekodi vipindi vya wiki nzima. Fundi mitambo aliviingiza kwenye kompyuta, akapanga kila kimoja na siku yake, na kompyuta ikavirusha yenyewe hata kama kituoni hakuna mtu. Ndiyo maana aliweza kuwa sokoni anachagua vitunguu huku anasikika akisali kwenye redio ya kibanda hichohicho cha vitunguu. "Huyu mama anasoma vizuri," muuzaji alimwambia siku moja, "sijui kama naye anajua bei ya vitunguu." Mama Sauti alicheka njia nzima.

Alikuwa na mwana mmoja. Baba wa kijana aliaga anakwenda kutafuta kazi, na anaitafuta mpaka leo. Kijana alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mikono imejaa makovu ya cheche, mdomo hauna breki.

"Mama, hao watu wako mbona kila mmoja anakufa vibaya? Hakuna hata mmoja aliyekufa kwa kushiba?"

"Ukome wewe."

"Basi mimi nitakuwa mtakatifu wa mageti. Watu wakipoteza funguo wataniita."

Kisha kichwa kikaanza kumuuma kijana. Walidhani ni ule mwanga wa kuchomelea. Akanunua miwani mipya, akameza vidonge, akaendelea na kazi. Siku moja alianguka juu ya geti alilokuwa analimalizia, na hospitali wakakuta uvimbe ndani ya kichwa. Daktari hakuzunguka: lazima apasuliwe, na kupasuliwa kwenyewe ni kufa na kupona.

Miaka yote Mama Sauti alikuwa amewasomea watu zile sala kama mpishi anayepakua chakula cha wengine. Sasa njaa ilikuwa yake. Alizisali zote, moja moja, sakafuni pembeni ya kitanda cha mwanawe, mpaka magoti yakafanya sugu. Na kadiri alivyosali ndivyo alivyozidi kuamini, na kuamini kwake kukawa hakuambiliki.

Upasuaji ulipangwa Jumatano. Siku ya kurekodi ilipofika, alimwomba fundi mitambo aweke kipindi cha Monika Alhamisi asubuhi, yule mama wa zamani aliyemlilia mwanawe aliyepotea, miaka nenda miaka rudi, mpaka mwana akageuka na kuwa askofu. Alisimulia vizuri kuliko siku zote. Alipomaliza, akaweka karatasi chini na kuendelea bila karatasi.

"Na mimi msomaji wenu nina mwana mmoja. Aliugua, nikalia kama Monika. Jana alipasuliwa kichwa. Leo hii ninapozungumza nanyi, mwanangu ameamka, ameniita mama, amekula uji. Wewe mwenye mgonjwa, usiogope. Mungu aliyenisikia mimi atakusikia na wewe."

Fundi mitambo akavua vipokea sauti masikioni. "Mama, si bado hajapasuliwa?"

"Bado."

"Sasa?"

"Ndiyo imani hiyo. Unashukuru kabla hujapewa. Ukishapewa ndipo ushukuru, umeamini nini hapo? Hiyo ni risiti tu."

"Tuiweke pembeni. Akiamka, naiachia."

"Ukiiweka pembeni umeshaniambia kwamba atakufa."

Fundi aliitazama ile sura iliyokonda. Akaipanga rekodi Alhamisi. Baadaye kuna waliosema kwamba yule mama alijitakia. Wapuuzi. Waje kwanza wakae na mtoto wao kwenye ile wodi, halafu watufundishe namna ya kuamini.

Jumatano jioni daktari alitoka akifuta shingo. Kazi imekwisha salama, alisema, sasa tusubiri aamke. Mama Sauti alimpigia fundi mitambo pale pale mlangoni. "Ametoka salama." Fundi naye akashusha pumzi. Basi, Monika aende hewani.

Alikwenda nyumbani mwepesi kama msichana. Alfajiri akapika uji, laini, bila donge hata moja, akautia kwenye chupa ya chai na kurudi hospitali ameikumbatia. Alikuwa amesema redioni kwamba kijana amekula uji, na alitaka neno lile liwe kweli kabla halijasikika.

Daktari alikuwa anamsubiri. Alimwomba akae, na yeye akajua kabla hajakaa. Kijana hakuamka. Damu ilivujia ndani, wakahangaika naye, ikashindikana. Pole sana, mama. Utaitwa kwa ajili ya nguo zake.

Hakulia. Alikaa kwenye benchi la korido, chupa mapajani. Alitafuta ndani yake sala moja, hata fupi, katika zote alizozijua kwa moyo, na hakuikuta. Hata hasira hakuikuta. Angekuwa na hasira, angalau angekuwa na wa kumkasirikia.

Ndipo redio ikawashwa wodi ya jirani, kama kila asubuhi. Muziki wa kufungulia, kisha sauti yake.

Tangu akae kwenye lile benchi alikuwa amekisahau kabisa kipindi. Vidole vikapapasa simu, akampigia fundi mitambo. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Kituoni hapakuwa na mtu, kompyuta ilikuwa inafanya kazi yake. Alisimama, akaingia wodini na kuinyooshea mkono redio iliyokuwa dirishani.

"Usizime, dada, tafadhali," alisema mwanamke mmoja kitandani pa binti mdogo aliyenyolewa kichwa. "Huyu anatusaidia sana."

Mkono ukabaki hewani. Redioni Monika alikuwa anamalizia kulia. Kisha ikaja ile sehemu isiyo na karatasi. Mwanangu ameamka, ameniita mama, amekula uji. Wagonjwa waliokuwa na nguvu wakapiga makofi, na bibi mmoja akapiga kigelegele kilichoishia kwenye kikohozi. Yule mwanamke alifunika uso kwa khanga, mabega yakatikisika.

"Wanampeleka wangu kupasuliwa sasa hivi, kichwa hichohicho," alisema alipojifuta. "Usiku kucha nilikuwa nimeamua nikatae, nimrudishe nyumbani. Umemsikia huyo mama? Nimepata nguvu."

"Nimemsikia," alisema Mama Sauti.

Mwanamke akamtazama, akaitazama redio, akamtazama tena. "Ni wewe. Ni sauti yako." Akamshika mikono yote miwili. "Kijana amekula kweli?"

Mama Sauti alimtazama yule binti. Alikuwa macho, anasikiliza.

"Amekula," alisema.

"Uji wote?"

"Wote."

Akaweka chupa juu ya kabati la kitanda. "Huu nilimpikia yeye, ukazidi. Mwanao akiamka, mpe. Uko laini."

Wahudumu waliingia na kitanda cha magurudumu. Mwanamke aliwafuata akimshika binti mkono, anatabasamu. Redioni msomaji alikuwa amefika kwenye sala, na wodi nzima ikamwitikia Amina, isipokuwa yeye. Muuguzi alichungulia mlangoni, akauliza nani amekuja kuchukua nguo za yule kijana fundi. Mama Sauti akasema ni yeye, akamfuata.