Mtoto Aliyekatazwa Kuruka Mlimani

Jina la Mama Taratibu alipachikwa na mafundi waliokuja kufukia waya kule juu mlimani, mahali ambapo ukitaka kumwona jirani sharti uwe na viatu imara na mapafu mazima. Ndani ya waya ule mna uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Mashine iliyo kibandani huupitishia mwanga. Ardhi ikitetema hata kidogo, mwanga unayumba na mashine inaandika. Ndivyo wataalamu wanavyousikiliza mlima, usije ukawashtukiza watu wa bondeni.

Yeye aliajiriwa kulinda kibanda, kufagia na kufukuza mbuzi. Alikuwa mjane mwenye binti mdogo na hana pa kumwacha. Siku ya kwanza mhandisi alimwambia, "Mama, hapa ni taratibu tu. Waya huu unasikia hata panya akijikuna."

Alikuwa anatania, na wote walicheka, isipokuwa yule aliyeogopa kibarua chake kuota nyasi.

Nyumba yao ikawa ya kunyata. Waya ulipita nyuma ya jiko, na hapo ndipo palikuwa na uwanja pekee wa tambarare. Mtoto akianza kuruka kamba, mama alitoka mbio, tena mbio za ncha za vidole.

"Acha. Unataka tufukuzwe?"

"Naruka kidogo tu, mama."

"Hakuna kuruka kidogo."

Basi binti akajifunza kufunga mlango kwa mikono miwili na kucheka bila sauti, ingawa kucheka hakuna aliyemkataza. Shuleni wenzake walimwita Paka. Akakua, akaolewa mjini. Akipiga simu, mama humwambia, "Ongeza sauti, mwanangu, sikusikii," naye hujibu, "Nimeongeza."

Miaka ikapita, wakaja kubadilisha mashine. Mhandisi wa safari hii alikuwa msichana mcheshi. Mama Taratibu alipomwomba radhi kwa kuangusha sufuria, msichana alishangaa.

"Mama yangu, wewe angusha hata kabati. Nyayo na vishindo vya watu tunavitambua, tunavitenga. Tetemeko lina sura yake."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Sisi wenyewe hupiga nyundo chini makusudi, tujue kipande gani cha waya kiko wapi."

"Hata mtoto akiruka kamba?"

"Huyo angetusaidia kazi."

Mama Taratibu alicheka naye, kwa adabu. Halafu alikwenda nyuma ya jiko akakaa chini. Mafundi wangapi walikunywa chai yake, na hakuwahi kuuliza? Lakini angeulizaje, ndugu zangu? Kuuliza kungekuwa kusema kwamba kuna mtoto anayeruka.

Likizo ilipofika, binti alipanda mlima na mwanawe wa kike. Walikuwa wakimenya viazi mama aliposema, "Kumbe ungeweza kuruka. Wamesema isingedhuru kitu."

Kisu cha binti kilisimama, kikaendelea. "Wamesema lini?"

"Mwezi uliopita."

"Mama nawe. Na mwili huu, nikaruke wapi sasa?"

"Nisamehe, mwanangu."

"Ulikuwa unatafuta tule. Yameisha hayo."

Alisema kwa upole, bila kinyongo, na upole ule ulimchoma mama kuliko kama angegombezwa.

Mara wakasikia vishindo huko nje. Mjukuu alikuwa ameuona uwanja, anarukaruka mguu mmoja, peke yake, anajihesabia kwa sauti. Bibi aliacha kumenya ili asikie vizuri. Moyo wake ulianza kufunguka.

Binti alikuwa amekwisha kufika mlangoni.

"We, tembea vizuri. Bibi ana kazi hapa."

Vishindo vikakatika.

"Mwache," bibi alisema. "Mwache aruke."

Mtoto alimtazama mama yake kwanza. Kisha akaja jikoni kimyakimya, visigino juu, akakaa.