Siku Niliyowanyamazisha Ndege wa Idsowe

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka kwa masikio kuliko kwa macho. Nimesikia kesho unawapeleka wageni kupiga picha za ndege, na mvua hii bado haijakata. Basi iweke kamera yako chini kidogo unisikilize, maana hili sijawahi kulisema, na aibu yake haijapoa.

Ulikuwa wakati wa mvua za Elinino. Mto Tana ulikuwa umevunja kingo, mpunga na migomba imezama, barabara ya Garsen imekatika vipande. Sisi wa Idsowe tulihamia juu ya tuta la barabara, tukaishi chini ya maturubai. Kila mtu alikuwa na wasiwasi wake. Waliofurahi ni ndege peke yao. Yangeyange, korongo na kwarara walijaa kwenye kichaka kikubwa kilichosimama katikati ya maji, ndio kwanza wanajenga viota, na kelele zao zilisikika mbali sana.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimesoma bweni Malindi, najua jina la kila ndege, na mafuriko makubwa nayaona kwa mara ya kwanza. Akaja mpiga picha kutoka Mombasa, kijana mpole aitwaye Karim, akaomba nimpeleke kichakani kwa mtumbwi. Kichwa kikanivimba. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilimgeuza mgeni wangu kuwa kioo cha kujitazamia.

Asubuhi tulipokuwa tunatoka, Mzee Jillo, aliyekuwa akivusha watu pale tangu ujana wake, aliushika mtumbwi wetu.

"Komora, dada yako anatoka Chara leo. Mumewe Buya anamleta kwa mtumbwi, aje kwa nesi, mimba inamsumbua. Hao ndege msiwaguse."

"Haya, mzee," nikasema. Ilikuwa ile haya ya kijana, inayoanzia mdomoni na kuishia hapo hapo. Sikumuuliza ndege wanahusiana nini na shangazi yako Habiba. Kuuliza si ujinga, lakini siku hiyo niliona ni ujinga.

Kichakani tulikuta ukungu na manyunyu. Ndege walikuwa wamejikunyata matawini, wakilia tu. Karim aliivika kamera mfuko wa plastiki, akakaa. "Tusubiri," akasema. "Wakiruka wenyewe, nitapiga." Tukasubiri mpaka nguo zikatota, na mimi subira ikanishinda. Nilitaka arudi Mombasa akinitaja. Nikachukua kafi, nikalipiga kwenye ubavu wa mtumbwi mara tatu, nikapiga na mbinja.

Mbingu yote ikawa nyeupe. Karim akabonyeza, akabonyeza tena. Ndege wakazunguka wakitaka kutua, nami nikapiga tena, kwa furaha. Ndege asiye na yai kwenye kiota hana kinachomshika, mwanangu. Waliinuka wote wakaelekea upande wa Minjila, na hawakurudi.

Pakawa kimya. Sikuwahi kusikia kimya kama kile. Hazikupita dakika nyingi, Mzee Jillo akatokea ukunguni akisukuma mtumbwi wake kwa pondo, anahema.

"Umewafanya nini ndege?"

"Tumewapiga picha, mzee."

"Na Buya atapita wapi?"

Ndipo aliponieleza. Anayetoka Chara wakati wa mafuriko hupita juu ya mashamba yaliyozama. Pale kichakani maji hugawanyika. Kushoto ni maji matulivu mpaka Idsowe. Kulia ni mto wenyewe, wenye magogo, viboko na mkondo usiomwachia mtu. Kukiwa na ukungu, watu wa mitumbwi huweka kelele za ndege mkono wa kulia, wakapita salama. Mimi niliyejua majina yote sikulijua hilo.

Hakunipiga wala kunitukana. Alisema tu, "Umewafukuza, basi lia wewe badala yao."

Tukafunga mtumbwi kwenye mti, tukaanza kupiga ubavu wake na kupaza sauti. Karim alitupa kamera ndani ya mfuko, akapiga kelele na yeye, ingawa hakuwa na kosa. Tulipiga asubuhi nzima ndani ya mvua. Nilikuwa na hofu, mwanangu. Kila gogo lililopita niliona ni mtumbwi uliopinduka. Nilishaanza kupanga maneno ya kumwambia bibi yako, na kila nilipofika kwenye jina la Habiba, nilishindwa.

Karibu na adhuhuri sauti ikaitika. Ilikuwa ya Buya, tena upande wa mto. Walikuwa wameshaingia mkondoni. Pondo limekwenda, naye ameng'ang'ania tawi la mkuyu, viganja vimechunika. Mzee Jillo akawafuata mti kwa mti na kamba, akawavuta mpaka kwetu.

Shangazi yako alikuwa amelala mtumbwini, nusu yake majini, midomo imepauka. Akanitazama.

"Ni wewe uliyekuwa unatuita?"

"Ni mimi."

"Mungu akubariki, ndugu yangu. Tulikuwa hatujui pa kwenda."

Nikaitikia amina. Alasiri ile akajifungua salama chini ya turubai, na mtoto ndiye dada yako Rehema. Mzee Jillo aliniambia, "Mzigo huo ni wako, mimi sikubebei," na akafa bila kumwambia mtu.

Picha ilitoka nzuri. Karim aliituma, na shangazi yako akaipenda, akaitia fremu. Ndiyo ile iliyo ukutani kwake, ile iliyokutia wewe hamu ya kamera. Hujajiuliza kwa nini nikienda pale nakaa nimeipa mgongo?

Sikukatazi kazi yako. Nakwambia hivi: usimshtue ndege ili upate picha, hata mgeni akinuna, maana hujui nani mwingine anamtegemea. Mzee aliyezoea maji akikukataza jambo, muulize sababu kabla ya kuitikia. Na sifa ambayo si yako, irudishe mapema. Mimi nimechelewa, na majuto ni mjukuu, huja kinyume.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe subira ya kusubiri ndege aruke mwenyewe, akupitishe mkono wa salama kwenye kila ukungu, na akurudishe nyumbani ukiwa mkavu. Ukirudi, unishike mkono twende kwa shangazi yako. Safari hii nitakaa nikiitazama ile picha, na nitamwambia.