Injini ya Kusimama na Kusalimia

Injini ilitoka Songambele, kwa shemeji yangu, ambako kwa miaka mingi ilikuwa ikivuta maji ya kumwagilia nyanya. Ilifika kwetu Chonyonyo ikiwa imefungwa nyuma ya pikipiki. Fundi niliyekuwa nimemwita aliizunguka, akaligonga tangi lake kwa ukucha, akasema, "Mwinjilisti, hii imetoka Songambele, lakini kusonga mbele haijui. Imezoea kukaa bondeni na kunywa maji."

Nilicheka. Siku zile nilikuwa nacheka kwa urahisi, maana nilikuwa na mpango, na mzee mwenye mpango ni kama mtoto mwenye mpira mpya.

Mpango ulikuwa huu. Magoti ya mke wangu yalikuwa yamekataa mlima, na kanisa letu liko juu mlimani. Gari halipiti katika njia ile nyembamba kati ya migomba. Kupanda pikipiki mke wangu hawezi, kwa kuwa miguu yake haikunjiki vizuri. Kwa miezi mingi mchungaji alikuwa anamletea Chakula cha Bwana nyumbani. Alikipokea kwa shukrani. Lakini siku moja, mchungaji alipokwisha kuondoka, aliniambia, "Mezani watu hukaa wengi. Mimi nalishwa peke yangu kama kuku aliyefungwa mguu."

Neno lile halikunitoka. Nikaamua kumuundia kigari. Mimi, mwinjilisti mstaafu ambaye nilikuwa sijawahi kufungua kitu kikubwa kuliko redio.

Fundi alikuwa Mwislamu wa Omurushaka, ambaye babu yake alikuja kutoka pwani akiuza vitambaa. Alitengeneza pampu, misumeno ya mnyororo na mashine za kukoboa kahawa. Kiswahili chake kilikuwa kirefu na laini, na chetu kilimfurahisha sana. Alichomelea mabomba, akafunga magurudumu matatu ya pikipiki na breki zake. Kiti kilikuwa kochi dogo la sebuleni, na mke wangu alisema haliendi popote bila kitambaa chake cha kufuma. Kati ya injini na magurudumu ulipita mkanda wa mpira. Ukisukuma mpini wa mti ulio kando ya kiti, mkanda unakaza na kigari kinakwenda. Ukiuachia, mkanda unalegea na kigari kinasimama, huku injini ikiendelea kunguruma.

Siku ya kwanza kilinibeba mimi peke yangu, kikafika kwenye mwinuko mdogo wa zizi la ng'ombe, kikakohoa, kikanyamaza.

"Ina nguvu za mbuzi," nikasema.

"Usimtukane mbuzi, mzee wangu. Mbuzi huko zizini angefika."

Basi tukaifungua juu ya mkeka. Fundi alitandika msasa juu ya kipande cha kioo, akanipa kichwa cha silinda nikisugue kwa mizunguko. Alinieleza kwamba nafasi iliyo juu ya pistoni ikipungua, petroli na hewa hubanwa zaidi, na vikibanwa zaidi hulipuka kwa nguvu zaidi. Kazi ile ilinifaa. Nilisugua huku nikiimba tenzi, ubeti kwa ubeti, na kila niliponogewa fundi alipiga kelele, "Taratibu! Ukisugua mpaka aya ya mwisho pistoni itagonga kichwa!" Yeye akaipanua jeti ya kabureta, kile kitundu cha kupitishia petroli, kwa sindano, akalikata bomba la moshi likabaki fupi. Kisha akatoa gavana, kile kimkono chenye springi kinachozuia injini isikimbie kupita kiasi.

"Pampu ndiyo inayohitaji gavana," alisema. "Gari la bibi linahitaji uhuru."

Tukaijaribu kwenye uwanja wa mpira. Ee Mungu wangu! Kofia iliniondoka kabla sijajua nimeondoka. Nilisikia fundi akiita, "Mkanda! Legeza mkanda!" lakini mdomo wangu ulikuwa unapiga haleluya, na mikono ikausikiliza mdomo. Niliingia kwenye kibanja cha jirani na kusimama nikiwa nimeukumbatia mgomba. Mke wangu alicheka hadi akaketi chini kwenye nyasi, na kumnyanyua walihitajika wanaume wawili, nao wote wawili walikuwa hoi kwa kicheko.

Ijumaa tukaupanda mlima na yeye akiwa kochini. Tulipanda kwa mbio nzuri, moshi nyuma, kuku wakiruka pembeni. Tukafika kwenye kona kali. Hapo anakaa bibi mmoja, jirani yetu wa tangu ujana, ambaye hushinda mlangoni na kikapu chake cha kahawa ya kutafuna. Nikapigwa mgongoni.

"Simama!"

"Mama, hapa ni mlimani. Tukisimama hapa..."

"Nimpite mama wa watu kama mwizi wa ndizi? Simama!"

Nikasimama. Wakasalimiana kwa Kinyambo, kuanzia usingizi wa usiku, wakapita kwa watoto, wajukuu na ng'ombe, hadi kwa marehemu. Tukapewa kahawa, tukatafuna. Nikaukaza mkanda. Injini ililia kwa sauti kubwa, ikashuka, ikazimika. Nikavuta kamba, ikawaka, nikakaza mkanda, ikazimika tena. Ikabidi turudi kinyumenyume, breki zikilia mpaka nyumbani.

Jioni nilijaribu kumbembeleza. "Kesho kutwa tukipita, mpungie tu mkono."

"Mkono hupungiwa msafiri wa mbali. Yule ni jirani. Nikifika kanisani kwa kuwaruka watu, nitakuwa nimefika wapi?"

Mimi niliyehubiri miaka mingi nikaenda kumtafuta fundi.

Fundi alipoisikia habari hiyo alijipiga paja. "Mwinjilisti, sisi tumeunda chombo cha mtu asiye na majirani!" Akaeleza kwamba injini yetu ilikuwa na nguvu ikiwa mbioni tu, na kusalimia watu ni kuanza upya kila mara ukiwa na mzigo. Tukairudisha mkekani. Akafunga puli ya mkanda ndogo kwenye injini na kubwa kwenye magurudumu, kupunguza mbio na kuongeza nguvu. Akaongeza sahani nzito ya chuma kwenye mhimili, ili mzunguko usife upesi. Halafu, kwa aibu kidogo, akamrudisha gavana na kumpa springi ngumu zaidi.

"Mbona unamrudisha?"

"Mzigo ukiivuta injini chini, gavana huifungulia petroli. Yeye huhisi kabla ya mkono wako. Sasa itatembea kama ng'ombe, mzee."

"Ng'ombe hufika," mke wangu akasema.

Jumapili tuliondoka kengele ya kwanza ilipolia. Habari ilikuwa imetutangulia, na kila lango lilikuwa na mtu.

"Hawa hawajaja kusalimiwa," nikanong'ona. "Wamekuja kuona tukizimika."

"Basi watasalimiwa huku wakingoja."

Akawasalimia wote. Kila mara tulisimama, kila mara tukaondoka, na watu walipiga makofi. Kwenye kona, bibi alikuwa ameshasogea na kikapu hadi katikati ya njia. Tukatafuna, tukamaliza marehemu wote, nikakaza mkanda. Sauti ya injini ilishuka. Ikashuka tena. Mkono wangu ukaenda kwenye kishikio cha petroli, na fundi, aliyekuwa akitufuata kwa pikipiki, akapaza sauti, "Usiiguse! Mwachie gavana!" Nikauondoa mkono, nikafumba macho. Injini ikavuta pumzi, ikanguruma chini chini kama fahali, na magurudumu yakaanza kuzunguka polepole. Bibi alipiga vigelegele, kahawa ikamwagika.

Tulifika ibada ikiwa imeanza zamani. Niliizima injini, lakini kwa joto lile haikukubali kuzimika. Ikaendelea kupiga kelele mlangoni, wakati ndani wanaungama dhambi. Fundi aliruka, akaziba njia ya hewa kwa kiganja. Injini ikapiga chafya moja, ikatulia. Mchungaji akasema kutoka madhabahuni, "Tumngoje mama aingie."

Aliingia kwa fimbo yake. Wakati wa Meza ya Bwana hakuweza kupiga magoti, akasimama. Akina mama waliokuwa wamepiga magoti walimtazama, kisha mmoja akainuka, na wa pili, na safu nzima ikasimama naye, wakisogeleana ili apate nafasi katikati. Nilikuwa nyuma yao na grisi kwenye kucha. Walibanana kiasi kwamba mkate ulipofika kwake, alilazimika kuutoa mkono wake kwa shida katikati ya viwiko vya watu.