Mashimo Kwenye Ubao Wangu

Bunduki mimi sikuipenda, tuelewane tangu mwanzo. Ilikuwa nzito, inanuka mafuta, na kitako chake kilinigonga bega mpaka jioni nashindwa kujitwisha ndoo. Nilikwenda mgambo kwa sababu ya kazi. Kiwanda kimoja kule Morogoro mjini kilikuwa kinatafuta walinzi, na safari hii walisema hata wanawake watachukuliwa, mradi mtu awe amemaliza mafunzo na amefaulu shabaha ya mbali. Nilikuwa nimeachika, nina mtoto, nimerudi milimani kulima maharage na kabichi kwenye shamba la ukoo, na nilikuwa nimechoka kuomba sabuni kwa watu. Kazi ile niliitaka mpaka usingizi ukanipotea.

Miaka ile ya ujamaa mgambo haukuwa wa vijana tu. Mtu mwenye nguvu za kushika jembe alihesabiwa ana nguvu za kushika bunduki. Kwa hiyo mjomba wangu, kaka yake mama, naye alikuwa anashuka mafunzoni, na kila siku tulishuka pamoja. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mkubwa wa ukoo. Yeye ndiye anayegawa mashamba, na mpwa hamkosoi mjomba wake mbele za watu hata kama amevaa shati nje ndani. Wangu alikuwa mkali, halafu anajivuna. Alisema wazi kwamba bunduki ameijua kabla afande aliyetufundisha hajazaliwa.

Uwanja wa shabaha ulikuwa chini kwenye tambarare, ng'ambo ya mashamba ya mkonge. Zilisimamishwa mbao tano nyeupe mbele ya tuta kubwa la udongo, kila ubao na duara jeusi katikati, na sisi tunalala kifudifudi mita mia tatu kutoka pale. Kwa umbali huo duara lilikuwa kama punje ya pilipili manga. Jua likipanda hewa ilianza kuchezacheza juu ya nyasi, na ubao nao ukacheza, ndiyo maana kila mtu aliomba zamu ya asubuhi.

"Usiigombeze bunduki," afande alikuwa akituambia. "Ibembeleze. Ncha ya mbele ikae katikati ya mwanya wa nyuma, duara likae juu ya ncha. Toa pumzi nusu, zuia, vuta kidole polepole. Mlio ukushtue wewe mwenyewe."

Mimi nilikuwa nakunja khanga naiweka begani ndani ya shati, na afande alijifanya haoni.

Siku ya mtihani alitusomea sheria. Kila mtu risasi tano, tatu ziingie ndani ya duara. Ubao ukikutwa na mashimo zaidi ya matano haukubaliwi, mpaka jirani aliyepiga ubao usio wake akiri mwenyewe au aonekane na shahidi. Sheria hiyo ilitokana na ujanja wa watu, maana ndugu walikuwa wanasaidiana, huyu anampigia yule kwenye ubao wake. Ubao ukifutwa, mwenyewe ndio basi.

Tulilala watano. Kushoto kwangu binti mmoja wa bondeni, kulia kwangu mjomba. Kabla sijafumba jicho nikatupa macho pembeni, nikauona mtutu wa mjomba. Haukuelekea kwenye ubao wake. Ulikuja mshazari, kwangu. Nikasema moyoni ataurekebisha. Afande akapiga filimbi, na mimi nikapiga zangu moja moja, naelekeza kidogo upande unakotoka upepo wa mlimani kama tulivyofundishwa. Nilijua zimeingia. Mtu anajua.

Afande alikwenda kukagua na fimbo yake, akarudi uso umekunjamana.

"Ubao wa nne wa nani?"

"Wangu, afande."

"Una mashimo tisa. Ulipewa risasi tisa?"

Ubao wa binti wa bondeni ulikuwa na tundu moja tu. Wa mjomba ulikuwa mweupe kama ulivyotoka kwa fundi. Afande akawauliza wote wawili. Binti akaapa kwa Mungu wake. Mjomba akajipangusa vumbi magotini, akasema, "Mimi nimepiga ubao wangu. Zimepita juu kidogo."

Afande akanigeukia mimi. "Wewe hukuona kitu?"

Jamani! Nilikuwa nimeona. Watu wa ukoo wetu walikuwa wamesimama nyuma yetu, wanangoja zamu zao, na kila mmoja ananitazama nitamtaja nani. Nikisema, nimemvua nguo mjomba wangu mbele ya kijiji kizima. Nikinyamaza, kazi imekwenda na maji. Nilimchukia mzee yule, nasema kweli, nilimchukia kwa moyo wangu wote, na bado mdomo ukakataa kufunguka.

"Haya," afande akasema, "ubao wa nne nafuta."

Hapo ndipo mtani wetu akajitokeza. Alikuwa Mnyamwezi, alikuja zamani kukata mkonge akaoa akabaki, na sisi Waluguru na wao tunataniana, yaani mtani anaweza kukutukana mchana kweupe na wewe huna ruhusa ya kukasirika.

"Afande, ngoja kwanza," akasema. "Mzee huyu ni mtumwa wa babu yangu, tulimnunua kwa chumvi, na chumvi yenyewe ilikuwa mbovu. Ruhusa ya kumsema ninayo. Juzi nimetundika koti langu kwenye mgomba, nipo pembeni nachimba dawa. Akapita, akalisalimia. Koti kimya. Akalisalimia tena. Akaondoka anafoka eti siku hizi watu hawana adabu! Sasa mtu aliyegombana na koti, huo ubao ataujulia wapi? Mimi nilikuwa nyuma yake. Risasi zake zilikwenda kwa mpwa wake."

Uwanja mzima ulivunjika mbavu. Afande alijikaza akashindwa, akageuka akacheka kwenye kofia yake. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama mjomba.

Kwanza alikakamaa. Kisha mabega yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akakohoa.

"Koti lako lina adabu kukuzidi wewe," akamwambia mtani. Halafu akasema kwa sauti ya chini, lakini wote tukasikia, "Afande, mwanangu hana kosa. Niliona ubao mmoja tu. Nikapiga huohuo."

Kicheko kilikatika. Afande akachomoa risasi tano nyingine akaniwekea mkononi. Nililala tena. Jua lilikuwa limeshapanda na ubao unacheza, nikangoja mpaka pumzi ikatulia. Nne ziliingia ndani ya duara. Mtani alipiga kelele kana kwamba amepiga yeye.

Tukapanda mlimani mimi na mjomba. Tulipofika kwetu alipiga hodi, akaingia moja kwa moja kwa dada yake, aliyekuwa anapukuchua maharage, akamwambia, "Binti yako amepata kazi. Na mimi macho yamekwisha."

"Macho najua," mama akasema, wala hakuinua kichwa. "Unafikiri kwa nini nilikuwa namwamsha huyu kila siku mshuke pamoja? Nilitaka ukipita kwenye magenge yale ya mlimani, penye maporomoko, uwe na mtu." Akamwaga maharage kwenye ungo. "Sasa anakwenda mjini. Utatembea na nani?"

Nilihisi kama nimeiba kitu. Hasira zangu zote za asubuhi zilikwisha, nikawa sijui hata mikono niiweke wapi. Nilitaka kusema siendi, na wakati huohuo niliogopa wasije wakanikubalia.

Mjomba alijivuta akakaa wima kwenye kigoda, akaweka ile sauti yake ya kuamua mambo ya ukoo.

"Utakwenda," akasema. "Usinitazame hivyo. Nimesema utakwenda."

Maneno hayo aliyasema ameelekea mlangoni. Mlangoni hapakuwa na mtu. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili, karibu na jiko. Mama alinitazama, nami nikainuka taratibu nisipige kelele na miguu, nikaenda kusimama pale pale alipokuwa anatazama.

"Nimesikia, mjomba," nikamwambia.